Mvua Isiyolowesha

Kinyaa. Naanza nacho kwa sababu ndicho kilichoniamsha asubuhi ile, kabla hata jina langu halijanirudia kichwani. Nilinusa kwanza, kisha nikajua kwamba nipo. Wapo waliosoma wakabobea wanaosema mtu hujijua kuwa yupo kwa kufikiri. Waje walale kwetu. Waje walale chumba kimoja na kidonda ambacho hakijaonja maji, halafu waniambie kilichotangulia ni nini, fikra au pua. Nilikaa kitandani, sabuni ya jana imenikaukia mgongoni inanibana ngozi, nikamsikia mama anaguna upande wa pili wa pazia, na dada yangu Tabu anamwambia, "Tulia mama, leo tutapata." Hakusema tutapata nini. Katika mji ule hapakuwa na haja ya kusema.

Mji wenyewe hauna jina. Ulikuwa nalo, likachakaa, wakubwa wakasema tungoje jingine. Ni mji wa bondeni, nyumba zimebanana, na juu yake kipo Kilima, na juu ya Kilima ipo ikulu ya wakubwa, na mbele yake chemchemi ya mapambo inayorusha maji mchana kutwa. Yanapanda, yanageuka, yanashuka kwenye bwawa la marumaru, yanafyonzwa, yanapanda tena. Hakuna anayeyanywa. Hakuna anayeyaoga. Yapo ili yaonekane. Ukisimama popote bondeni, hata ukiwa umechutama chooni kwako penye paa bovu, unayaona yanavyometa. Mimi nimeyaona tangu utoto, na utoto ule sijui ulikuwa lini, maana kwetu miaka haikai mahali pake. Kalenda zinashushwa kutoka Kilimani, na kila inayokuja inaanza na Alhamisi ileile. Nimezeeka ndani ya Alhamisi hiyo, na sijawahi kuiona Ijumaa.

Kisha likaja Tangazo. Lilipita mtaani juu ya gari lenye kipaza sauti, likasema maji ya dunia yanakwisha, na wanaoyamaliza ni sisi. Ni ndoo zetu. Ni makopo yetu. Mtu wa bondeni, lilisema, anachota, anajimwagia, anachota tena, hana huruma na tone. Kwa hiyo bomba la uani litazibwa kila nyumba, ndoo zitakusanywa, na kila nyumba itachagua shawa moja ya kubana maji. Itafungwa mahali pa kuogea, na maji yatapita hapo tu. Mtachagua wenyewe, lilisema. Shawa ni bure. Hakuna wa kuwalazimisha. Ila asiyechagua asitarajie maji.

Wakaja wakabeba ndoo zetu. Walibeba hata ile ya bluu iliyovunjika mshikio, ambayo mama aliifunga kamba. Walibeba na kopo. Jamani, kopo! Kopo lililokuwa la maziwa ya mtoto wa jirani, nalo likatiwa kwenye gari kama mhalifu. Na wakati gari linaondoka niliinua macho, nikaiona chemchemi ya Kilimani inarusha, inamwaga, inarusha, inamwaga. Nyongo ikanipanda hadi kooni. Nikaimeza. Nilivyoimeza, ndivyo nilivyojichukia.

Nichague. Mimi. Nichague nini, kati ya nini na nini. Neno hilo nimelitafuna mpaka limeisha ladha. Aliyenipangia vitu mezani amekwisha kuondoa anavyovitaka yeye, na makombo yaliyobaki ameyaita hiari yangu. Nikinyoosha mkono nimekubali kwamba meza ni halali. Nisiponyoosha, mama ananuka. Hapo ndipo falsafa yangu yote inapokwama, kwenye mgongo wa mwanamke mmoja mzee.

Mama yetu ni Bi Mwanamize. Zamani sauti yake ilikuwa inafika mtaa wa tatu bila yeye kusimama kwenye kigoda. Sasa miguu imekataa, analala chali, na mgongo umefanya vidonda vya kulalia. Akioshwa kila siku vidonda vinatulia. Akikosa maji vinaamka. Yeye mwenyewe anajua, na hapendi kudanganywa. Siku walipochukua ndoo alituita mimi na Tabu, akasema, "Kufa nitakufa, sikatai, wala sijamwomba mtu aniongezee. Ila nisife nikinuka. Watu waje kunizika wamejiziba pua? Aka! Hilo halitakuwa. Nyie ndio wanangu, mtajua wenyewe mtakavyofanya." Akageuza uso ukutani.

Lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tunamwosha, maana kosa langu lilitoka humo. Mtoto wa kiume hamwangalii mama yake akioga. Tabu ndiye aliyeosha. Mimi nilishika kanga. Niliitandaza kwa ncha zake mbili, nikampa mama mgongo, nikatazama ukuta, na ukuta ule naujua mpaka nyufa zake. Mama analazwa kwenye kitanda cha kamba uani, Tabu anachota, anamwaga, maji yanapita kati ya kamba, yanakuja yananipitia miguuni, yanakwenda zake kwenye tundu la ukuta. Sikuona kitu. Nilisikia tu. Niliyajua maji yanayogonga bega na yanayogonga mfupa wa nyonga, niliijua sauti ya sabuni ikitoka, nilijua hata kabla Tabu hajasema kwamba imetosha. Miaka yote hiyo sijauona mgongo wa mama yangu. Nimeusikia.

Ndivyo nilivyokwenda Jumba la Hiari, pua imejaa na masikio ndiyo ninayoyaamini.

Jumba la Hiari ni jengo jeupe lililo chini kidogo ya Kilima. Ndani pamekauka kiasi kwamba midomo inapasuka. Tulipanga foleni ndefu, na foleni ile ilikuwa na jambo lake: kila aliyegeuka kunitazama alikuwa na uso wangu. Mwingine uso wangu wa ujana, mwingine uso wangu wa kesho, mashavu yamebonyea. Sikushangaa. Watu wanaoogopa kitu kimoja kwa muda mrefu huishia kufanana. Kilichonikera ni kwamba nyuso zote zile zangu zilikuwa zinatabasamu.

Anayewapokea watu ni Bwana Shembilu, mshauri wa kuchagua. Ana mikono laini, mikavu, ananukia manukato, na anapokusalimia anakufuta kiganja kwa kitambaa kabla hajakushika. Nilitaka kumtapikia viatuni. Badala yake nilisema, "Shikamoo." Akaitikia kwa furaha, ingawa umri wake na wangu ni mmoja. Ndivyo nilivyo, na sijipendi.

"Karibu, ndugu, karibu," alisema. "Tunazo tatu, na zote ni nzuri. Hii ya kwanza inaitwa Ukungu. Inapasua tone moja mara elfu. Hii ya pili ni Adabu. Ina kitufe. Unajilowesha, unabonyeza, maji yanakatika, unajipaka sabuni taratibu bila kupoteza kitu, halafu unabonyeza tena."

"Na yakikataa kurudi?"

"Basi umeokoa maji," alisema Bwana Shembilu. "Na hii ya tatu ndiyo wengi wanaipenda. Inaitwa Gharika. Inachanganya maji na upepo. Upepo mwingi, maji machache, lakini mwenyewe utashangaa."

Nikatazama juu. Shawa tatu zilining'inia darini, zinang'aa, kila moja na kamba yake ya kuvuta. Sikuona bomba lolote lililoungwa nazo.

"Maji yake yako wapi nizijaribu?"

Akacheka kwa upole, kama anayemcheka mtoto aliyeuliza swali la haya. "Maji ni ya nyumbani, ndugu yangu. Hapa tunachagua. Simama chini yake, vuta kamba, funga macho, usikilize."

Juu ya kila shawa kulikuwa na kipaza sauti kidogo. Mtu aliyenitangulia alisimama chini ya Adabu, akavuta kamba, ikatoka sauti ya maji: to, to, to. Akafumba macho. Akainua mkono, akajisugua kwapa. Akajisugua shingo. "Ah! Safi kabisa!" alisema, amekauka vilevile, jasho la foleni linamtiririka. Aliyefuata akafanya hivyo hivyo. Mwanamke mmoja alimwinua mwanawe chini ya Ukungu akamfuta makamasi kwa sauti tupu. Na wote wakishamaliza walijikung'uta. Jamani, walijikung'uta, mtu mkavu anajikung'uta maji! Niliangalia pembeni kwa aibu, maana walikuwa na uso wangu.

Zamu yangu ilipofika nilimwambia Bwana Shembilu ukweli. "Mimi nina mama. Halali kwa kupenda, miguu imekataa. Anaoshwa amelala. Ipi inamfaa?"

Kitambaa kikasimama mkononi mwake. "Amelala?"

"Amelala."

"Shawa zetu zimetengenezwa kwa mtu aliyesimama."

"Na asiyeweza kusimama?"

"Msimamisheni."

"Nimekwambia hawezi."

"Basi subirini kidogo," alisema, na akanigusa bega.

"Tusubiri nini?"

Alinitazama tu kwa macho ya huruma, ile huruma inayonuka kuliko kidonda, nami nikaelewa tulichoambiwa tusubiri. Maneno yakanijaa kinywani. Nimwambie nini? Nimuulize mama yake mwenyewe analala kwa upande gani? Nimpige? Nilikuwa na mikono miwili mizima, na foleni nyuma yangu ilikuwa na watu wa kutosha kulivunja jengo lile kwa viganja. Lakini nyuma yangu walikuwepo akina mimi tu, wanatabasamu.

Kwa hiyo nikasimama chini ya Gharika, nikavuta kamba.

Lo! Sauti iliyotoka ilikuwa ya masika yenyewe. Ilikuwa mvua inayopiga mabati mpaka watu wanaacha kuzungumza. Niliisikia inagonga bega, niliisikia inagonga nyonga, niliisikia sabuni inatoka. Macho yalijifumba yenyewe. Nilimwona mama akiwa bado kijana, amesimama uani, anacheka, kanga imemganda. Na nilipoyafumbua nilikuta mkono wangu wa kulia uko kwapani, unasugua. Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe. Mpaka leo nikila kwa mkono huo naukumbuka.

"Nachukua hii," nilisema.

Nilichagua kwa sikio, kwa sababu sikio ndilo pekee nililowahi kumwoshea mama. Mtu mwingine yeyote angeuliza kipimo cha maji, au mashimo, au nguvu ya kusukuma. Mimi niliuliza sauti. Nikatoka nje nimeikumbatia Gharika kifuani, na kivuli changu barabarani kilikuwa kimepinda mgongo, ingawa nilikuwa nimeingia mle nikiwa mnyoofu.

Fundi wa Kilimani alifunga shawa juu ya ua wetu bila kuzungumza, akaijaribu kwa nusu pumzi, akaondoka. Tukamleta mama na kitanda chake cha kamba. Tabu alikuwa ameficha kibakuli cha maji ya kunywa. Akaona kwamba sasa shida imekwisha, akayatumia yote kulowesha kitambaa na kumpaka mama sabuni mgongo mzima, sabuni ya mche, kali, ile ya kufulia, maana nyingine hatuna. Mimi nikachukua kanga, nikaitandaza, nikatazama ukuta wangu.

"Fungua," alisema Tabu.

Nikanyoosha mkono nyuma, nikafungua. Na Gharika ikaanza.

Naapa nilitaka kulia kwa furaha. Ua wote ulijaa mvua. Majirani walipaza sauti kuuliza ni nini, watoto wakapiga kelele wakidhani masika yameingia. Nilisimama na kanga yangu nikajiona mtoto aliyefanya la maana mara moja katika maisha yake. "Mama," nilisema, "unasikia?"

"Nasikia," alisema mama.

Ikaendelea kunyesha. Mama akasema tena, "Tabu, mbona hufungui?"

"Imefunguliwa, mama." Sauti ya Tabu ilikuwa imebadilika.

"Mvua naisikia. Mbona hainifiki?"

Hapo ndipo nilipoiangalia miguu yangu. Ilikuwa mikavu. Vumbi lilikuwa palepale kati ya vidole. Nikainua macho juu, bila kugeuka, nikaona kinachotoka kwenye Gharika: mvuke mwembamba wenye kelele kubwa, unaoshuka mpaka usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama, kisha unakuwa hewa. Mtu mrefu angepata unyevu wa nywele. Chini ya hapo hakuna kitu. Kilichokuwa kinamfikia mama yangu ni makelele.

Na sabuni ilikuwa kwenye vidonda. Mwanzo alivumilia, kisha akaanza kuvuta pumzi kwa meno, kisha Bi Mwanamize, ambaye hakulia hata siku ya kumzika baba, akalia. "Inaniunguza," alisema. "Itoeni. Tabu, mwanangu, itoe. Inaniunguza!" Tabu alikimbia kwa majirani, majirani nao walikuwa na shawa zao na hawakuwa na ndoo. Mmoja alileta kijiko cha chai. Nilisimama na kanga mikononi, sijageuka, kwa sababu hata katika hali ile sikugeuka, na mvua niliyoichagua inanicheka juu ya kichwa. Kinyaa nilichokuwa nacho na mji wote, na Shembilu, na Kilima, kilirudi nyumbani kikanikaa mimi. Nilinuka kuliko wote mle ndani.

"Wewe!" Tabu alinipigia kelele. "Utasimama hivyo mpaka lini? Shika kitanda!"

"Twende wapi?"

"Maji yako wapi katika mji huu? Umepofuka? Shika kitanda!"

Tukamfunika mama shuka gubigubi kwa sababu ya jua, na kwa sababu hakuwa amevaa kitu. Mimi na kijana wa jirani mbele, Tabu na mume wa jirani mwingine nyuma, kitanda begani, tukatoka. Ilikuwa mchana kweupe.

Kwetu mtu akiona maiti inapita haulizi ni nani. Anaacha alichokuwa akifanya, anatia bega, anasogea hatua chache, anampisha mwingine. Na sisi tulikuwa tumebeba kitanda chenye mtu aliyefunikwa gubigubi. Muuza kahawa akaacha deli lake juu ya makaa akaja akatia bega. Vinyozi wakaja na mikasi mikononi. Watu wa foleni ya Jumba la Hiari, wale wenye uso wangu, wakavunja foleni wakaja. Mabega yalibadilishana mpaka nikasukumwa pembeni ya kitanda cha mama yangu, kikawa kinapanda Kilima chenyewe juu ya bahari ya vichwa, na wanaume wanamwombea marehemu kwa sauti ya chini. Nilitaka kuwaambia. Sikupata nafasi ya kuwaambia.

Kitanda ndicho kilichowaambia. "Nyie!" kilisema. "Mnanitikisa! Mmebeba magunia ya mkaa?"

Mayowe. Nusu yao walikimbia, waliobaki waliganda, na kitanda kiliyumba nusura kianguke.

"Ala! Kumbe yu hai!" alisema muuza kahawa, bega bado liko chini ya mti wa kitanda.

"Yu hai na anaungua mgongo," alisema Tabu. "Tunakwenda kumwogesha. Anayetaka kurudi arudi."

Wakatazamana. "Bega nimeshatia," alisema muuza kahawa kwa hasira, "nirudi nikawaambie nini watu? Kwamba nimemtua kwa sababu hajafa?" Akavuta hatua. Wengine wakafuata, na waliokimbia wakarudi mmoja mmoja, wanajifanya walikwenda kutazama njia.

Kwenye lango la Kilima walikuwepo askari. Waliona kitanda, waliona shuka, wakavua kofia na kusogea pembeni, kwa sababu nao wamezaliwa bondeni kama sisi, na kofia hazikuwafundisha kuzuia maiti. Mama, Mungu ampe umri, alinyamaza kimya mpaka tukapita.

Chemchemi kwa karibu ni kitu cha kuchukiza. Ina uvundo wa kijani chini ya marumaru, uvundo ambao bondeni hauonekani kwa sababu ya kumeta. Na maji yake ni mengi! Yalikuwa yanarukia vifua vyetu bila kuombwa. Kitanda kikawekwa pale yanapoangukia. Tabu akapaza sauti, "Kanga!" na wanawake waliotufuata njiani wakavua za kichwani na mabegani, wanaume wakavua mashuka, wakazishika ncha kwa ncha wakamzunguka mama, na wote, bila kuelekezwa, wakampa mgongo. Nami nikaishika ya kwangu. Kwa hiyo tulikuwa duara, nyuso zetu nje, tunatazama Kilima na kila kilichokuwa juu yake. Sikuwahi kukitazama namna ile. Sikuona tabasamu kwenye uso wowote wa duara lile.

Askari waligundua wakaja mbio na marungu. "Marufuku! Maji haya ni ya kuonekana! Tokeni!"

Sauti ya Tabu ikatoka ndani ya duara, tulivu, kali. "Nani huyo anayekuja kumchungulia mama yangu akioga?"

Marungu yakasimama hewani. Askari wa mbele alikuwa kijana wa kifua kipana, na niliona jinsi neno lile lilivyomshika shingo likamgeuza. Akageuka. Wa pili akageuka. Wote wakageuka, wakatupa migongo, wakasimama wakitazama ukuta wa ikulu kama nilivyokuwa nautazama wa kwetu. Na juu kwenye roshani, wakubwa waliokuwa wanakunywa chai nao wakainuka, mmoja akakohoa, wakageuza viti. Hakuna aliyewaamuru. Mama mtu mzima alikuwa anaoga, basi, na mji mzima ukatazama pengine.

Ndipo nikasikia. Bega. Nyonga. Sabuni inatoka. Sauti haikuwa kubwa, na Gharika ingeizidi mara kumi. Kisha miguu yangu ikalowa. Maji yalikuja na povu, na usaha, na damu kidogo, na ukoko wa siku zote zile za Alhamisi, yakapita kati ya vidole vyangu, yakaingia bwawani. Na bwawa likayafyonza. Na chemchemi ikayarusha juu, uchafu wote wa mgongo wa mama yangu, juu kabisa, yakageuka, yakameta, na bondeni kila aliyeinua macho aliyaona.

"Baba Tabu," aliita mama nyuma yangu. Hilo lilikuwa jina la marehemu baba. "Ni wewe uliyeshika kanga?"

"Ni mimi," nilisema, na wakati ule sikuwa nadanganya.

"Usigeuke."

"Sigeuki."

"Yamefika mpaka mgongoni. Naungua kidogo tu sasa." Kamba za kitanda zikalia. "Nanukaje?"

Nikavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu Tangazo, nilivuta pumzi kwa pua bila kujikaza. "Unanukia sabuni ya kufulia, Mama Tabu."

Akacheka, cheko la mitaa mitatu, likagonga kuta za ikulu. "Basi nife kesho," alisema. "Leo bado nataka kurudia."

Tabu akapaka sabuni upya. Askari wa kifua kipana alikuwa hatua moja mbele yangu, kanigeuzia mgongo wake, shingo imenyooka, macho ukutani. Niliona jasho linamshuka nyuma ya sikio. Alikuwa mmoja wa wale waliobeba ndoo yetu ya bluu. Nilimtambua kwa kovu la kisogoni. Nilikusanya mate. Nilitaka yampate palepale kwenye kovu.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Kesho mtakuwepo hapa?"

Niliyaleta mate kwenye ncha ya ulimi.

"Nami nina mama," alisema.

Mate yale niliyameza, na yalikuwa machungu, na kinyaa changu kwake hakikupungua hata chembe. Nikamwambia aje naye, na asisahau kanga.